Tawi la Mgunga

Mbuzi saba, mmoja ana mimba.
Sikuwahesabu kwa mizoga; fisi haachi mzoga.
Niliwahesabu kwa kengele, maana chuma hakiliki:
mbili zizini, moja kwenye mabua ya uwele,
ya nne tuliisikia baada ya siku tatu
ikilia korongoni peke yake, upepo ukiichezea.

Kijiji kikakusanyika. Upande wetu huu wa Bahi
fisi hatembei kwa miguu yake mwenyewe:
yuko anayemtuma, yuko anayempanda usiku.
Na huyo walishamjua kabla damu haijakauka.
Mbeleje, mjane wa tembe la mwisho.
Mbona mbuzi wake hawajawahi kuguswa?
Swali lilizunguka kama kibuyu cha pombe,
kila aliyelipokea akapiga funda, akampa wa pili.

Nami nikanywa.

Mume wangu Chilewa alikwenda mnadani,
akarudi na sumu kwenye mfuko wa sukari,
akaipaka nyama ya kondoo aliyekufa kwa kuhara.
Asubuhi tulikuta tai watatu kifudifudi
kama wanaosujudu,
na Ponda, mbwa wetu, aliyewahi kumwokoa mwanangu na nyoka,
povu mdomoni, mkia bado unatikisika kwa kutuona.
Usiku ule fisi alicheka ng'ambo ya korongo.
Sisemi alitucheka sisi.
Fisi hucheka tu.

Ndipo akaja Nyemo wa idara ya wanyamapori,
binti mdogo, pikipiki nyekundu kwa vumbi.
Wakamdai fomu za kifuta jasho.
"Fomu ninazo," akasema,
"ila hilo jasho kesho litatoka tena."
Hakuuliza habari za mchawi. Aliuliza zizi.
Akapiga magoti, akauzunguka ua shibiri kwa shibiri
kama mtu aliyeangusha sindano,
mpaka mahali penye manyoya yaliyonasa mwibani.
"Hapa palikuwa na tawi. Nani kalitoa?"

Watu kimya. Kuku tu.

Ilikuwa jioni ya mvua, kuni zote zimelowa,
mtoto analia, maji ya ugali hayajachemka.
Nikachomoa tawi moja la mgunga, kavu, zuri,
nikasema nitaliziba kesho.
Moto uliwaka vizuri mno.
Mbeleje alipita akiomba chumvi, nikamwambia kaa,
nikampakulia. Tulikula mlenda sote
kwenye mwanga wa lile tawi.

Nilisema ni mimi.
Nilisema kwa Kigogo, Kiswahili kilinikatalia,
na sauti ilitoka ndogo kama ya mwizi wa karanga.

Kumbe jibu la lile swali lilikuwa limesimama pale pale,
kijani, juu kuliko kichwa cha mwanamume:
ua wa minyaa, alioupanda marehemu mumewe.
Minyaa haichomolewi kuwashia moto.
Ukiivunja inakutemea maziwa ya kupofusha macho.
Mbeleje akaingia ndani, akatoka na panga,
akakata vipande, utomvu ukimchuruzika mpaka viwikoni,
akavitupa miguuni petu.
"Pandeni leo, ardhi ingali na maji."
Hakusema neno jingine.
Hilo jingine nalisubiri mpaka leo.

Misimu miwili imepita. Minyaa imenifika kifuani,
mapengo tumeyafunga waya,
na ile kengele ya korongoni nimeitundika langoni.
Asubuhi nasoma nyayo kwenye vumbi:
amekuja, amezunguka mara mbili, amenusa,
amekwenda zake kwenye shughuli zake za fisi.
Simlaani. Naye ana watoto.

Na fisi tumeelewana.
Mbeleje nampelekea mlenda kila Jumapili.
Anapokea.
Jioni nalikuta bakuli mlangoni,
limeoshwa, limefunikwa,
na hodi sikuisikia.